Droni penye msiba: Sheria yasemaje kuhusu wanaowatatiza waokoaji?

AJALI haina kinga, na inapotokea watu hukimbilia mahali pa tukio, baadhi kwa nia ya kusaidia na wengine kwa hamu ya kuona. Miaka ya karibuni hamu hiyo imepata mabawa. Mkazi wa Laiser Hill, Kitengela au mji wa Kajiado aliye na droni ndogo anaweza kuipeleka juu ya nyumba inayoteketea, au juu ya basi lililopinduka kwenye barabara kuu ya Namanga, hata kabla gari la zimamoto halijawasili. Je, sheria inamruhusu kufanya hivyo?

Kwa ufupi, haimruhusu kurusha chombo hicho apendavyo. Hata hivyo, makatazo yenyewe yametawanyika katika sheria mbalimbali, na ni vyema mwananchi ayafahamu kwa pamoja.

Kwanza, hatari yenyewe. Ndege ya abiria hupita juu sana, lakini helikopta ya uokoaji haina budi kushuka hadi ardhini kumchukua majeruhi. Inaposhuka hupita katika anga ile ile ambamo droni huruka. Droni ina betri na mota ngumu zinazoweza kupasua kioo cha rubani au kuharibu rafadha. Aidha, ni ndogo mno kiasi kwamba rubani huenda asiione mpaka iwe karibu. Ndiyo maana katika nchi nyingi rubani akiarifiwa kuwa kuna droni isiyojulikana, huahirisha kutua au huondoka kabisa, na majeruhi huendelea kungoja.

Anga ya eneo hili si tupu. Uwanja wa Wilson, ulio ng'ambo ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ndio makao ya madaktari wa ndege wa AMREF na ya kikosi cha ndege cha polisi. Mnamo Machi 5, 2024, ndege mbili ziligongana juu ya mbuga hiyo na watu wawili wakafariki. Ajali hiyo haikuhusu droni, ila ilionyesha jinsi anga hiyo ilivyo na shughuli nyingi.

KANUNI ZA KENYA

Kanuni za kwanza za droni nchini zilitolewa mwaka 2017, lakini Bunge likazibatilisha mwaka 2018. Mwaka 2020 zikachapishwa kanuni mpya chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka 2013, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA).

Kwa mujibu wa kanuni hizo, droni sharti isajiliwe. Bila idhini maalumu, hairuhusiwi kupaa zaidi ya futi 400, yaani takriban mita 120, wala kukaribia kwa chini ya mita 50 mtu, gari au jengo lisilo chini ya udhibiti wa anayeirusha. Hali kadhalika, hairuhusiwi kuruka ndani ya kilomita 10 kutoka viwanja vikubwa vya ndege.

Msomaji atatambua kwamba mji wa Kitengela uko nje ya duara la kilomita 10 kutoka viwanja vya Jomo Kenyatta na Wilson. Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani kwamba nje ya duara wako huru. Uwanja wa ndege hauhami, lakini msiba unaweza kugeuza shamba lolote kuwa mahali pa kutua helikopta. Kinachomzuia mrusha droni hapo ni ile kanuni ya mita 50, kwa kuwa penye moto au ajali hapakosi watu na magari, pamoja na wajibu wake wa kutohatarisha maisha na mali za wengine.

Zaidi ya kanuni za anga, kifungu cha 253 cha Kanuni ya Adhabu hufanya kuwa kosa kumzuia kwa makusudi afisa wa polisi aliye kazini, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitano. Naye anayesambaza picha za majeruhi akumbuke kifungu cha 31 cha Katiba kinacholinda faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

PENGO LILILOPO

Katiba imeigawa kazi hii kati ya serikali mbili. Usafiri wa anga ni jukumu la serikali ya kitaifa, ilhali zimamoto na ambulensi ni majukumu ya kaunti. Kwa hivyo, mkuu wa zimamoto wa Kajiado hupigana na moto wa kaunti chini ya anga ya taifa. Anapoiona droni juu yake, chombo hicho kiko chini ya mamlaka ya afisi nyingine kabisa.

Wengine wameshughulikia suala hili waziwazi. Mwaka 2016 Bunge la Marekani liliweka faini ya hadi dola 20,000 kwa anayetatiza kwa droni uzimaji wa moto wa nyika, kazi ya polisi au huduma za dharura. Mwaka huo huo jimbo la California liliifanya droni inayowakwaza waokoaji kuwa kosa la jinai. Nayo sheria ya Uingereza ya mwaka 2006 kuhusu kuwazuia wahudumu wa dharura husema kuwa kizuizi si lazima kiwe cha kutumia mwili.

Hata penye sheria, madhara hutokea. Januari 2025, wakati wa moto wa Palisades mjini Los Angeles, droni ilitoboa bawa la ndege ya kuzima moto iliyotoka Quebec, Kanada. Ndege hiyo ikaacha kuruka kwa siku kadhaa huku moto ukiendelea. Mwenye droni alikiri kosa na kukubali kulipa zaidi ya dola 65,000.

Hii haimaanishi kwamba droni ni adui. Nchini Rwanda zimekuwa zikipeleka damu hospitalini tangu mwaka 2016, na mafuriko kama yale yaliyoikumba Kitengela mwezi Aprili 2024 yanaweza kuchunguzwa vyema kutoka juu. Tofauti ni idhini: anayesaidia hujulikana na huongozwa na msimamizi wa uokoaji.

Kwa mwenye droni, basi, la busara ni kuiteremsha mara aonapo ving'ora vikija au helikopta ikikaribia, na kumpa msimamizi picha alizokwisha kupiga endapo zitamfaa. Kwa watunga sheria wa kaunti na wa taifa, wahenga walishanena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.