Tabia ya Taifa na Ukumbi wa Versailles

Wako wasemao kwamba kila taifa huzaliwa na tabia yake, kama chui azaliwavyo na madoa. Mjerumani, husema, ni mtu wa amri na vita; Mfaransa ni mtu wa fahari asiyejua kusamehe. Kauli hii ni nyepesi kutamkwa, walakini historia ya mataifa hayo mawili haiithibitishi.

Tarehe 18 Januari 1871, Ufaransa ikiwa imekwisha elemewa vitani, wakuu wa Ujerumani walikusanyika katika Ukumbi wa Vioo wa jumba la Versailles, makao ya wafalme wa Ufaransa, wakatangaza humo dola yao mpya. Kisha wakatwaa Alsace na sehemu ya Lorraine, wakatoza fidia ya faranga milioni elfu tano. Fedha ililipwa hata kabla ya muda wake kutimia, fedheha haikulipika. Mjini Paris sanamu ya mji wa Strasbourg ilivikwa nguo nyeusi za msiba. Bismarck alikitambua kinyongo hicho, akajikinga kwa kuungana na Austria mwaka 1879, na Italia mwaka 1882. Ufaransa nayo, iliyokuwa jamhuri, ikafunga mapatano na mfalme wa Urusi aliyechukia jamhuri. Hivyo uchungu wa moyo ulichora ramani ya urafiki na uadui wa Ulaya.

Ushindi ulipogeuka, Wafaransa walichagua ukumbi ule ule. Humo, tarehe 28 Juni 1919, Ujerumani ilitia sahihi mkataba ambao kifungu chake cha 231 kiliibebesha, pamoja na washirika wake, dhamana ya hasara za vita. Mtenda akitendewa hudhani kaonewa: waliosahau mwaka 1871 hawakuusahau mwaka 1919. Fedheha peke yake haikumweka Hitler madarakani. Dhiki ya uchumi iliyoanza mwaka 1929 ilimsaidia sana. Bali fedheha ilimpa lugha ya kusemea na watu. Juni 1940 aliamuru behewa lililotiwa sahihi kushindwa kwa Ujerumani mwaka 1918 lirudishwe mahali pake katika msitu wa Compiègne, Wafaransa wasalimu amri humo.

Kama tabia ingekuwa madoa ya chui, mambo yangeendelea vivyo hivyo. Lakini tarehe 9 Mei 1950 Robert Schuman, mtu wa ukoo wa Lorraine, alishauri makaa ya mawe na chuma cha nchi hizo viwekwe chini ya mamlaka moja. Na Januari 1963 de Gaulle na Adenauer walitia sahihi mkataba wa urafiki. Ni kweli kwamba hofu ya Urusi na msaada wa Marekani viliharakisha mapatano. Hata hivyo, watu wa kingo za Rhine walikuwa ni wale wale; wengi wao walikuwa wamepigana.

Basi kinachoitwa tabia ya taifa aghalabu ni kumbukumbu ya namna lilivyotendewa. Mshindi anayeandika mkataba huandika pia, pasipo kujua, sehemu ya tabia ya jirani atakayeishi naye kesho.