Uponaji wa jeraha

Uponaji wa jeraha ni kazi ya mwili ya kuziba na kujenga upya tishu zilizokatwa, kupondwa au kuungua. Mara nyingi mwili haurudishi tishu ileile iliyopotea, bali huweka kovu mahali pake. Ngozi iliyochubuka juu juu hupona bila alama, lakini mkato wa kina huacha kovu. Viungo vya ndani navyo hutofautiana: mfupa uliovunjika huunga kwa mfupa halisi, na ini hukua tena hata baada ya kukatwa sehemu kubwa, ilhali msuli wa moyo uliokufa kwa kukosa damu hubaki kovu lisiloweza kusukuma damu.

Hatua za kupona

Mara baada ya mkato, mishipa ya damu hujibana, chembe sahani hushikamana na damu huganda. Kisha sehemu hiyo huvimba, huwa nyekundu na yenye joto. Wengi huogopa dalili hizo, lakini katika siku za kwanza ni za kawaida: chembe nyeupe za damu zinaingia kuua bakteria na kuondoa seli zilizokufa. Wekundu unaozidi kuenea, usaha au homa ndiyo mambo ya kumpeleka mtu kituo cha afya.

Baada ya siku chache seli ziitwazo fibroblasti hutengeneza kolajeni, protini yenye nyuzi imara, na mishipa midogo ya damu huchipua. Hapo ndipo huonekana nyama mpya nyekundu yenye vipunjepunje, huku ngozi ikitambaa juu yake kutoka kingoni. Nyuzi hizo huendelea kupangwa upya kwa mwaka mmoja au zaidi, na hata hivyo kovu hufikia takriban asilimia 80 tu ya nguvu ya ngozi ya awali.

Kolajeni imara haijengwi bila vitamini C. Katika karne ya 18 mabaharia wenye kiseyeye waliona makovu yao ya miaka mingi yakifunguka upya, kwa kuwa kovu nalo huhitaji kukarabatiwa daima.

Vidonda visivyopona

Kisukari hupunguza damu inayofika miguuni na huua neva, hivyo mgonjwa anaweza kukanyaga msumari asijue. Ganzi ya namna hiyo ndiyo huwaletea wagonjwa wa ukoma vidonda vya mikono na miguu. Si kweli kwamba bakteria wa ukoma hula vidole. Uvutaji wa sigara na utapiamlo pia huchelewesha kupona.

Utunzaji

Jeraha dogo huoshwa kwa maji safi na sabuni, kisha hufunikwa. Desturi ya kuliacha wazi likauke haina msingi: mwaka 1962 George Winter wa Uingereza alionyesha kwa nguruwe kwamba vidonda vilivyofunikwa na kubaki na unyevu viliota ngozi mpya karibu mara mbili upesi kuliko vilivyoachwa wazi.

Kupaka majivu, udongo au kinyesi cha ng'ombe ni hatari zaidi, kwani huweza kuingiza bakteria wa pepopunda. Bakteria hao hustawi pasipo hewa, kwa hiyo tundu dogo la msumari linaweza kufunga juu huku wao wakizaliana ndani. Aliyechomwa hivyo anapaswa kuuliza kituoni kama chanjo yake bado inamkinga.