Ua la Pareto na Safari Zake

Wasomaji wetu wakaao nchi za juu, kama Mufindi, Kisii, Kinangop, au miteremko ya milima ya moto ya Rwanda, walijua ua la pareto. Ni jeupe, lina kiini cha manjano, na mgeni apitaye njiani aweza kudhani limepandwa kwa uzuri tu. Lakini katika kiini kile, ndani ya vijimbegu vyake, mna sumu iuayo wadudu. Sumu hiyo ilitafutwa na mataifa makubwa, ikaachwa, kisha ikatafutwa tena. Twataka kusimulia habari zake, kwa kuwa twaona wengi wailimao pareto hawajapata kuambiwa ilikotoka, wala kwa nini bei yake imepanda na kushuka mbele ya macho yao.

Asili yake ni Dalmatia, nchi ya mawe kando ya bahari ya Adriatic, ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika Kroatia. Ndugu yake mwenye maua mekundu huota Uajemi na katika milima ya Caucasus. Watu wa huko waliyasaga maua hayo wakapata unga wa kuulia viroboto na kunguni, na katika karne ya 19 unga huo uliuzwa Ulaya kwa jina la unga wa Kiajemi. Husimuliwa ya kuwa mwanamke mmoja wa Dubrovnik alichuma maua meupe ya porini apambe nyumba yake. Yaliponyauka akayatupa pembeni, na baada ya siku kadhaa akakuta wadudu waliokufa wamelizunguka fungu lile. Iwe kweli au hadithi tu, Wadalmatia walianza kuyapanda, na ua lao jeupe likaonekana kuwa na nguvu kuliko lile jekundu.

Mwaka 1886 mbegu zilifika Japani mikononi mwa Ueyama Eiichiro, aliyezipata kwa Mmarekani mmoja. Yeye alitengeneza vijiti vya kufukiza mbu, ila viliteketea kwa muda mfupi tu. Mkewe, Yuki, ndiye aliyetoa shauri kwamba kijiti kirefu kizungushwe kama nyoka aliyejikunja, kipate kuwaka usiku mzima. Kila ufukizo wa mbu wa namna hiyo uuzwao madukani kwetu watokana na shauri la mama huyo. Vita vya 1914 hadi 1918 vilipoifunga njia ya Dalmatia, Japani ikashika nafasi ya kwanza katika biashara ya pareto.

Kenya ilipata mbegu mwaka 1928. Nyanda za juu zikaupendeza mmea huu mno, maana hauchanui vema pasipo baridi, na karibu na ikweta huweza kuchumwa miezi mingi ya mwaka. Maua ya Kenya yakapimwa, yakaonekana kuwa na sumu nyingi kuliko ya Japani. Ilipofika Desemba 1941, Japani ikaingia vitani, na majeshi ya Uingereza na Marekani hayakuwa na mahali pengine pakubwa pa kupata pareto ila Afrika ya Mashariki. Mwaka 1940 ilikuwa imekwisha kugunduliwa ya kuwa mafuta ya ufuta, haya haya tuyapikiayo, yakichanganywa na pareto huizidishia nguvu. Basi askari wakapewa mikebe ya kupulizia mbu, na ndani yake mlikuwa na pareto na ufuta. Lakini katika Kenya ya siku zile mashamba ya pareto yalikuwa hasa ya walowezi, na Mwafrika alikuwa mchumaji wa mshahara. Mlango ulifunguka kwa upana baada ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954.

Wakati huo adui wa pareto alikuwa amekwisha kutokea. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua nguvu ya DDT, na mwaka 1948 akapewa tuzo ya Nobel. DDT ilikuwa rahisi, tena ilipopakwa ukutani iliua kwa miezi, hali pareto hupotewa na nguvu kwa saa chache za jua kali. Wengi wakaona udhaifu huo kuwa kasoro kubwa. Nani anunue dawa inayokufa kabla ya mdudu wa kesho kuzaliwa?

Jibu lilikuja polepole. Vita vilikuwa vimekwisha kwa mwaka mmoja au miwili tu, na tayari palikuwa na nzi wa nyumbani wasiosikia DDT. Kile kilichosifiwa, yaani kudumu, kikawa ndicho kilicholeta madhara: dawa ilikaa udongoni na majini, ikaingia katika samaki, ikaingia katika tai walao samaki, na magamba ya mayai yao yakawa mepesi hata yakavunjika chini ya mama. Mwaka 1962 Rachel Carson wa Marekani alitoa kitabu kilichowaamsha watu juu ya jambo hili, na mwaka 1972 serikali yake ikaikataza DDT mashambani. Ndipo dawa isiyodumu ikatafutwa tena.

Hata hivyo faida haikumwendea mkulima moja kwa moja. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake, huko Uingereza, waliiga umbo la sumu ya pareto wakatengeneza permethrini, isiyovunjwa upesi na jua. Dawa za ukoo huo ndizo zilizomo katika vyandarua vyetu na katika unga mwingi wa kuhifadhia mahindi. Hivyo mkulima wa Kisii aliuza maua yake ng'ambo, kisha akanunua dukani dawa iliyoigwa kwa maua hayo hayo. Mambo hayo twayaona kuwa ya kusikitisha. Tena kuanzia miaka ya 1990 malipo ya wakulima wa Kenya yalicheleweshwa, pengine kwa miaka, hata wengi wakang'oa pareto wakapanda viazi. Kisiwa cha Tasmania, katika Australia, ambako maua huvunwa kwa mashine, kikatwaa nafasi ile. Tanzania na Rwanda zaendelea kuilima.

Wako wasemao kwamba dawa itokayo katika mmea haidhuru. Wazee wetu wasingesema hivyo, kwa maana walitia utupa mtoni, na samaki wakaelea. Na maji ya tumbaku yaweza kumwua mtu. Pareto nayo huua samaki na nyuki. Mwili wa mwanadamu huivunja upesi, lakini mdudu hushikwa mishipa ya fahamu, akatetemeka na kuanguka chali, awe mharibifu wa kabichi au mtengeneza asali. Kwa hiyo anyunyizaye pareto hungoja jioni, jua likiisha kutua, na nyuki wakiwa wamerudi mizingani.