Linux yaweza kuokoa kompyuta ya zamani

Linux ni mfumo endeshi wa kompyuta utolewao bure, ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuunakili, kuubadili na kuusambaza. Kiini chake kilitolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Toleo la Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, liliusogeza karibu na mtumiaji wa kawaida.

Suala la kuhamia Linux lilipata uzito Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, ingawa bado ni nzima. Linux huweza kuziongezea miaka ya kazi bila gharama ya leseni.

Hata hivyo, Photoshop na Microsoft Office hazina matoleo ya Linux. LibreOffice hufungua nyaraka za Word, lakini majedwali na kurasa huweza kuvurugika. Baadhi ya printa nazo hukosa programu za kuziendesha.

Ubuntu huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Katika jaribio hilo, mtumiaji apime sauti, intaneti na printa, kisha afungue nyaraka zake mwenyewe. Akiridhika, ahifadhi kwanza nakala ya mafaili yake mahali pengine, kwani kusimika mfumo mpya huweza kufuta kila kilichomo.