Kufuta Ramani Iliyokwisha Kuidhinishwa: Mamlaka ya Mkurugenzi wa Upimaji Yaishie Wapi?

Nchini Kenya, kifungu cha 33 cha Sheria ya Upimaji (Sura ya 299) kinaruhusu uthibitisho wa ramani iliyokwisha kutiwa saini ufutwe na nakala zake zirudishwe. Sababu ni mbili: ramani ina kosa la upimaji, au inakiuka masharti ya kibali cha kugawa ardhi. Zimetiwa kapu moja ilhali hazifanani. Bikoni iliyosogezwa hugunduliwa kwa kupima upya, na hapo neno la mpima ndilo neno. Lakini iwapo, kwa mfano, sharti la kuacha eneo la shule lilibadilishwa kihalali baadaye, hilo ni swali la kisheria, na darubini ya upimaji hailijibu.

Kabla ya ploti kuuzwa, madhara ya kufuta ramani ni madogo: kazi inarudi kwa mpima, irekebishwe. Baada ya kuuzwa, mnunuzi hubaki na hatimiliki yenye nambari ya kipande ambacho ramani haikitambui tena. Hajanyang'anywa kitu kwa jina, ila nani atakayeinunua ardhi hiyo kwake, na benki gani itakayoikubali hati hiyo kuwa dhamana? Kifungu cha 80 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kimeipa mahakama uwezo wa kuamuru daftari lisahihishwe penye ulaghai au kosa, na kinamkinga mmiliki anayeikalia ardhi aliyoilipia, isipokuwa alilijua kosa au alilichangia. Kinga hiyo ni bure iwapo afisa anaweza kuiondoa ramani iliyo chini ya hati.

Watapinga wanaokumbuka Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004: viwanja vya umma vilimegwa kwa karatasi zilizoonekana safi, kwa hiyo serikali isifungwe mikono. Hoja hii ina uzito. Katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, mwaka 2023, Mahakama ya Juu ilikataa kuilinda hati ya ardhi ya ufukweni Nyali kwa kuwa chimbuko lake lilikuwa na kasoro. Lakini hayo yaliamuliwa na majaji, pande zote zikiwa zimesikilizwa. (Ukuta wa kiwanja hicho, kwa bahati mbaya, kaunti ilikuwa imeubomoa kabla.)

Napendekeza mpaka ulio wazi: ploti ya kwanza ikishasajiliwa kwa jina la mtu mwingine, uwezo wa kufuta kiutawala ukome, na anayetaka kufuta aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kabla ya hapo, ibara ya 47 ya Katiba idai notisi na sababu za maandishi. Msajili wa ardhi naye ana kifungu cha 76 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, kinachomruhusu kuweka zuio ili ardhi isiendelee kubadilisha mikono wakati shauri linasikizwa. Na palipo na kosa la upimaji, gharama ya kupima upya imwangukie mpima aliyelifanya, si mnunuzi wa ploti.