Wimbo Ambao Hawkins Hakuupiga

Santuri ya "Body and Soul" ya Coleman Hawkins ina dakika tatu tu, nami nimeisikiliza mara nyingi nikingoja wimbo wenyewe uanze. Hauanzi. Piano ya Gene Rodgers inafungua mlango, saksafoni inaugusa wimbo kidogo, kisha inashika njia yake na hairudi nyuma.

Wimbo huo ulikuwa na wenyewe. Muziki aliutunga Johnny Green. Maneno ni ya Edward Heyman, Robert Sour na Frank Eyton. Mwaka 1930 Libby Holman aliuimba jukwaani Broadway, na mwaka huohuo Louis Armstrong akaurekodi. Mwaka 1935 ukapigwa na Benny Goodman na Gene Krupa, Wazungu, pamoja na mpiga piano Mweusi, Teddy Wilson, katika nchi ambayo bendi ya namna hiyo ilikuwa jambo la kunong'onezana.

Hawkins hakuwapo. Aliondoka Marekani mwaka 1934, akapiga muziki Ulaya miaka mitano, akarejea 1939 vita vikinukia. Nyumbani alikuta wapigaji wapya wa saksafoni, Lester Young akiwa mbele yao. Aliyekuwa mfalme wa ala hiyo ilimbidi athibitishe upya kwamba bado ni mfalme.

Tarehe 11 Oktoba aliingia studio New York. Wimbo wa Green una sehemu nne: ya kwanza hurudiwa, ya tatu huhama ghafla kwenda sauti nyingine, ya nne hurudi nyumbani. Hawkins aliupitia wote mara mbili. Alichoshika si sauti ya mwimbaji, bali ule mfuatano ambao piano huupiga chini yake, akajenga nyumba nyingine juu ya msingi uleule. Anaanza kwa upole, karibu kama anayezungumza. Mwishoni sauti imepanda, imejaa pumzi. Watu wakainunua, santuri isiyo na mwimbaji na karibu isiyo na wimbo.

Hapa ndipo ninapokereka. Kwa hesabu za hakimiliki mtunzi alibaki Green, na wenye maneno walibaki wenye maneno, ingawa hakuna hata neno moja linalosikika. Hawkins alihesabiwa mpigaji. Nakubali kwamba bila kona ile ya sehemu ya tatu asingekuwa na pa kupita, na kona ni ya Green. Lakini aliyeijenga nyumba ni nani?

Waimbaji waliyarudia maneno: Billie Holiday mwaka 1940, Sarah Vaughan 1946, hata Amy Winehouse na Tony Bennett jijini London mwaka 2011, miezi michache kabla ya kifo cha Winehouse. Wapiga saksafoni walifuata njia nyingine. Walikariri solo ya Hawkins kama mtoto anavyokariri sura chuoni.

Kisha akaja Eddie Jefferson, akaitungia solo hiyo maneno yake mwenyewe, ya kumsifu Hawkins, akaiimba sauti kwa sauti. Jefferson aliuawa kwa risasi Detroit mwaka 1979. Mwaka huohuo kundi la Manhattan Transfer likairekodi kwa heshima ya wote wawili, waimbaji wanne wakipita kwa pamoja pale saksafoni ilipopita peke yake.