Lori Ikikugonga Nairobi: Vile Unaweza Kulipwa Bila Kuchezwa

Kama unaishi Nairobi unajua barabara zetu si za mathree peke yake. Outering, Mombasa Road, Jogoo Road, Eastern Bypass: kuna trela za kontena, malori ya mchanga na canter za mizigo, zote zimebanana na nduthi na watu wa miguu. Sasa moja ikikugonga, ama igonge msee wako, usishangae mtu akifika hosi kabla hata dawa ya maumivu haijashika. Pengine ametumwa na mwenye lori, pengine ni broka tu. Atakuwa na thao hamsini, maneno matamu na karatasi ya kusaini.

Tulia kwanza. Sheria inakupea haki ya kulipwa, lakini wasee wengi huipoteza kwa njia tatu: ushahidi haukuchukuliwa, muda uliisha, ama saini iliwekwa haraka. Cheki vile unaweza kujipanga.

Kwanza ni maisha

Kesi itangoja, damu haingoji. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu anafaa kunyimwa matibabu ya dharura. Hosi ikianza kuuliza deposit mtu akiwa anavuja damu, watajie hiyo.

Ukishatibiwa, weka kila karatasi: ripoti ya daktari, picha za X-ray, risiti za dawa, hata za teksi ya kukurudisha kliniki. Hizo karatasi ndizo zitageuka kuwa ganji baadaye.

Pale barabarani

Dere akigonga mtu, sheria ya trafiki inamlazimu asimame, atoe jina na anwani yake, jina la mwenye gari na namba ya gari. Kama hajatoa hizo details, lazima aripoti kwa polisi ndani ya masaa 24. Lakini usimtegemee. Kama huwezi kusimama, omba mtu akusaidie kupiga picha kabla lori haijasongeshwa.

Hapa wengi huteleza: trela ina namba mbili. Kichwa kina yake, na ile bodi ya nyuma ina yake inayoanza na Z. Piga zote mbili. Piga mlango pia, kwa sababu mara nyingi jina la kampuni limeandikwa hapo. Halafu chukua simu za mashahidi wawili watatu. Mama wa kibanda na mtu wa boda waliona kila kitu, lakini baada ya wiki mbili hutawapata. Cheki kama petroli stesheni ama duka la karibu lina kamera, na uombe mapema kabla video hazijafutwa.

Kwa makarao

Ripoti kwa kituo kinachosimamia hiyo barabara, kisha uchukue namba ya OB. Baadaye utahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni abstrakti ya polisi, ile karatasi inayoonyesha gari, dere, mwenye gari na kampuni ya bima. Cha pili ni fomu ya P3, ambayo daktari hujaza kueleza umeumia kiasi gani. Soma abstrakti kabla utoke hapo. Herufi moja ya namba ya gari ikikosewa, kesi inaweza kukusumbua miaka.

Dere akishtakiwa kortini na apigwe faini, hiyo pesa inaenda kwa serikali. Ya kwako ni kesi nyingine ya madai, na lazima uifungue wewe.

Nani ndiye analipa?

Dere alikugonga, lakini mwenye lori pia anabeba mzigo kama dere alikuwa kwa kazi yake. Ndio maana mawakili hushtaki wote wawili. Kujua mwenye lori, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Jina liko kwa logibuku ndilo linahesabiwa kuwa la mwenyewe, mpaka mtu athibitishe vingine. Kama lori iliuzwa na logibuku haikubadilishwa, wakili anaweza kuweka jina la aliyeuza na la aliyenunua.

Nyuma yao kuna bima. Sheria ya bima ya magari, ile Cap 405, inalazimisha kila gari barabarani kuwa na bima ya kulipa watu wengine wakiumia ama wakikufa. Chini ya hiyo sheria, bima inalazimika kulipa hadi Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Korti ikikupea zaidi, hiyo ingine unaifuata kwa mwenye lori mwenyewe.

Wakili wako lazima apeleke notisi kwa kampuni ya bima kabla ya kufungua kesi ama mara tu baada ya kuifungua. Bila hiyo notisi, bima inaweza kudinda kulipa hata kama umeshinda. Muulize wakili akuonyeshe nakala imegongwa muhuri.

Tofautisha pia na hizi: kama ulikuwa tanboi kwa hiyo lori na ukaumia kazini, kuna njia ya WIBA, sheria ya 2007 ya majeraha ya kazi, na dai linafaa kuingia ndani ya miezi 12. Na kama ulikuwa umepewa lifti ya bure kwa lori ya mizigo, ile bima ya lazima inaweza kukuruka.

Unadai nini haswa?

Kuna hasara unayoweza kuhesabu: bili ya hosi, dawa, usafiri, nduthi iliyoharibika. Hiyo korti inataka risiti. Useme ulitumia thao themanini na uko na risiti za thao thelathini, utapata thelathini.

Kuna pia malipo ya uchungu na kuumia, yenye hayana risiti. Hapo hakimu anaangalia majeraha yako na kesi za zamani za watu walioumia hivyo hivyo. Kisha kuna mapato uliyopoteza. Kama ni wewe wa boda ama hasla isiyo na payslip, rekodi za M-Pesa na karatasi za sacco zinaweza kukuokoa.

Mtu akifariki, bibi, bwana, watoto na wazazi waliomtegemea wanaweza kudai.

Jua pia korti itauliza wewe ulifanya nini. Ulivuka chini ya footbridge? Nduthi ilikuwa imebeba watu watatu? Ikisema makosa yako ni asilimia 20, dai la Sh1 milioni linashuka hadi Sh800,000.

Saa inaenda

Una miaka 3 kufungua kesi, kuanzia siku ya ajali. Kwa kifo, familia ina miaka 3 kutoka siku mtu alifariki. Lakini kama lori ni ya serikali, muda ni miezi 12 tu. Hata ikiwa ni lori ya taka ya kanjo, jihesabie hiyo miezi 12. Na mazungumzo na bima hayasimamishi saa. Wakikwambia "tunashughulikia" mwaka baada ya mwaka, wewe ndiye unachomeka.

Wakili na mabroka

Usichukue wakili aliyeletwa na mtu usiyemjua hapo wodini. Wakili haruhusiwi kutafuta wateja kupitia mabroka. Ingia kwa tovuti ya Law Society of Kenya, uangalie kama jina lake lipo na kama leseni ya mwaka huu iko sawa. Mkubaliane ada kwa maandishi. Mkataba wa "nilipe tu tukishinda" hautambuliwi na sheria ya mawakili.

Kesi nyingi za ajali huenda kwa hakimu, na hakimu mkuu anaweza kusikiza dai la hadi Sh20 milioni. Mahakama ya Madai Madogo iko na limit ya Sh1 milioni na ni ya haraka, lakini majaji wamewahi kutofautiana kama inafaa kusikiza kesi za majeraha ya barabarani. Muulize wakili kabla mpeleke huko.

Ile karatasi ya hosi

Sasa turudi kwa yule wa thao hamsini. Karatasi yake mara nyingi inasema umepokea malipo yote na huna dai lingine. Ukisaini leo, halafu mwezi ujao daktari aseme mguu unahitaji chuma na operesheni ingine, kurudi nyuma ni ngumu sana. Usisaini kitu ukiwa kwa dawa, usisaini usichosoma, na usisaini kabla daktari aseme utapona kiasi gani. Kama ofa ni ya ukweli, wiki mbili hazitaiua. Mwambie aiache hapo, umpelekee wakili aisome.